Mikate Mitatu ya Usiku wa Manane



Injili Takatifu kama ilivyoandikwa na Luka, katika sura ya 11, huanza na sala. Wanafunzi waliomba wafundishwe kusali, naye Bwana akawafundisha kuomba, pamoja na mengine, chakula cha siku. Mara tu baada ya sala hiyo akawasimulia habari za mtu aliyefikiwa na mgeni usiku wa manane, hali hana kitu cha kumwandalia. Mtu yule akaenda kubisha mlangoni kwa rafiki yake, akaomba mikate mitatu. Aliyekuwa ndani hakutaka kusumbuliwa, kwani mlango ulikwisha kufungwa na watoto wamelala. Hata hivyo mwishowe aliamka akampa, kwa sababu yule wa nje hakuona haya kuendelea kubisha.

Leo tungependa kulitafakari somo hili tukizitazama nyumba zetu wenyewe, za Mbagala na Chamazi, za Tandika na Yombo Vituka, za Tandale na Mwananyamala, za Tegeta na Bunju. Katika mitaa hiyo, kinachompeleka mtu mlangoni kwa jirani usiku si unga wala chumvi peke yake. Aghalabu siku hizi ni intaneti. Mtoto anabisha, anaamkia, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Mama ametuma niombe unigawie mtandao kidogo, nimalize fomu."

Wako watakaouliza: Je, jambo hili ni la kuzungumzwa Jumapili? Tunajibu kwamba ni lake kabisa, maana Bwana wetu hakuona aibu kuzungumza juu ya mikate.

Tuanze kwa kuitambua hali yenyewe. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni watu 982,328. Katika umati huu, waliounganishiwa waya wa intaneti nyumbani kwao ni wachache. Walio wengi hununua kifurushi, au bando kama tulivyozoea kusema, nacho hukinunua kama wanunuavyo mafuta ya kula ya kupima: cha leo kwa leo. Na kama ilivyo kwa mafuta ya kupima, anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila kipimo. Aidha, katika nyumba nyingi simu janja ni moja tu. Alfajiri huondoka na baba au mama kwenda Kariakoo kutafuta riziki, na hurudi saa tatu au saa nne za usiku. Kuanzia asubuhi hadi wakati huo nyumba nzima haina mtandao. Ndiyo maana kazi ya mwanafunzi huanza wakati ambapo jirani amekwisha kufunga mlango.

Tukumbuke pia kwamba neema hii ilifika karibu nasi. Mwezi Julai 2009 mkongo wa Seacom uliopita chini ya bahari ulianza kazi na kutufikia hapa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa mno. Hivyo basi, mikongo imevuka maelfu ya kilometa za bahari na kuufikia ufuko wetu. Lakini kutoka ufukoni hadi chumba cha kupanga huko Charambe, safari imekuwa ndefu kuliko ile ya baharini.

Wapo ndugu zetu wenye nia njema wasemao kwamba kukosa intaneti nyumbani ni baraka: watoto wanalala mapema, familia inazungumza, sala ya jioni haikatizwi. Hatukatai kwamba utulivu ni zawadi ya Mungu. Lakini tupambanue. Aliyefunga na mwenye njaa wote wawili hawajala, wala hawafanani. Aliyefunga anajua kwamba jua likizama kuna futari. Mwenye njaa hajui. Mtu mwenye waya nyumbani akiizima mashine yake siku ya Jumapili ili akae na wanawe, amefunga, na thawabu yake ipo. Lakini mama wa Buza asiye na shilingi ya bando hakufunga, bali amekosa. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Tusiihubiri saumu kwa mtu ambaye hajapewa chakula.

Na kinachokosekana si mchezo. Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Matokeo yake hutangazwa katika mtandao. Akichaguliwa kuendelea na kidato cha tano, orodha imo mtandaoni, na maelekezo ya kujiunga na shule hupakuliwa humo humo. Akimaliza kidato cha sita na kutaka mkopo wa elimu ya juu, maombi kwa Bodi ya Mikopo hufanywa kwa mtandao, na cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA. Akihitimu na kutafuta kazi ya utumishi wa umma, maombi yote hupitia tovuti ya ajira ya Serikali. Kila mojawapo ya milango hii ina tarehe ya kufungwa. Kijana mwenye akili anaweza kuachwa nje kwa sababu tu usiku ule wa mwisho bando lilikatika.

Ndipo wengi hukimbilia duka la steshenari. Huko kijana hujaziwa fomu na mtu asiyemfahamu, hufunguliwa anuani ya barua pepe, na nywila yake huandikwa na mtu mwingine katika kipande cha karatasi. Karatasi ikipotea, kijana amepoteza ufunguo wa maisha yake. Tunapenda kuwaambia ninyi mnaofanya kazi katika maduka hayo: kazi yenu ni amana. Mnashika namba za vitambulisho, vyeti na matumaini ya watoto wa watu. Msiharakishe fomu ya maskini kwa kuwa foleni ni ndefu. Mwandikieni nywila yake vizuri, mkamweleze aitunze. Mbele ya Mungu, kosa la herufi moja katika jina la yatima si jambo dogo.

Tena bando lina tabia moja inayotukumbusha Kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli walipookota mana jangwani, iliyowekwa hadi asubuhi iliharibika. Bando nalo, muda wake ukiisha, hutoweka hata kama halijatumika. Walakini mana ilitolewa bure, na kila nyumba ilipata ya kuitosha. Bando limenunuliwa kwa jasho, na aliye na kidogo ndiye anayepoteza mapema. Ndiyo maana mwezi Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika, wananchi walilalamika hata vikasitishwa. Kilio kile hakikuwa cha anasa. Watu walikuwa wakilalamikia kitu kilichokwisha kuwa sehemu ya chakula chao cha siku.

Kulikuwa na Jumapili moja ambayo Mungu alituonjesha wote hali hii. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu chini ya bahari, upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoathirika sana. Siku ile mwenye waya nyumbani na asiye na bando walikaa sawa. Tuliona wakubwa wakihangaika, biashara zikikwama, watu wakiinua simu juu kana kwamba mtandao ungeshuka kutoka mbinguni. Baada ya siku chache huduma zilirejea, na hangaiko likasahauliwa. Lakini kwa baadhi ya majirani zetu kila mwisho wa mwezi ni kama Jumapili ile, wala hakuna chombo cha habari kinachotangaza.

Je, tufanye nini? Kwanza, tuutazame mlango wa jumuiya zetu ndogondogo. Siku hizi jumuiya nyingi hutangaza kila kitu katika kundi la WhatsApp: sala itakuwa kwa nani, mgonjwa gani atembelewe, msiba uko wapi, mchango ni kiasi gani. Ni njia nyepesi, nasi hatuilaumu. Lakini bibi mwenye simu ndogo ya tochi hayumo katika kundi lile. Msiba ukitokea mtaa wa pili naye asiende, watu watasema amejitenga. Kumbe hakuna aliyemwambia. Taarifa ya msiba haijatimia kwa kuandikwa tu. Imetimia inapomfikia mtu. Kila jumuiya na imteue kijana mmoja wa kuwapigia simu, au kuwafuata kwa miguu, wale wasiomo. Karatasi ibandikwe ubaoni, tangazo lisomwe kanisani kama zamani.

Pili, tukumbuke kwamba taifa hili liliwahi kujua kugawana. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na redio yake moja, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Wengi wao hawakuwa na redio nyumbani, lakini hilo halikuwazuia kuyasikia yaliyowahusu, kwa kuwa kifaa kimoja kilihesabiwa kuwa cha wengi. Parokia yenye ofisi na kompyuta inashindwaje kuwafungulia vijana ukumbi kwa saa mbili baada ya Misa, katika majuma ya maombi ya mikopo na vyuo? Mwalimu mstaafu mmoja na kijana mmoja wa chuo wanatosha kuwasaidia. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya maua ya sherehe moja.

Tatu, huruma isichukue nafasi ya haki. Huduma ya umma isiwe na mlango mmoja tu. Tunashukuru kwamba huduma kadhaa za Serikali hupatikana hata kwa simu ya tochi, kwa kubonyeza *152*00#, pasipo bando. Huo ni mfano mwema, nao unaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Ninyi wasikilizaji mlio katika ofisi, kila mnapoanzisha fomu mpya ya mtandaoni, ulizeni: asiye na intaneti nyumbani atapitia wapi? Na akija dirishani, msimrudishe kwa neno moja tu, "Ingia mtandaoni," kana kwamba mtandao ni chumba cha jirani.

Nne, tunasema na ninyi mnaobisha. Msione haya. Mtu wa Injili hakuomba mikate kwa ajili ya tumbo lake, bali kwa ajili ya mgeni aliyemjia. Mama anayeomba mtandao kwa ajili ya fomu ya mwanawe yumo katika safu yake. Lakini kilichoombwa kwa ajili ya mgeni kiliwe na mgeni. Jirani akikugawia mtandao wa fomu, usiumalize kwa kutazama mpira na michezo ya kuigiza, ukamfanya kesho aufunge mlango. Wala usiuze unga wa watoto ili upate bando la kupitisha usiku. Na usijihesabu kuwa mtu pungufu. Thamani yako haikuandikwa katika simu, bali katika sura ya Mungu uliyoumbwa nayo.

Mwisho, tunasema na wewe uliye ndani, mlango umefungwa na watoto wamelala. Unajua vema hodi ile inavyochosha. Labda hii ni mara ya tatu juma hili, nawe bando lako pia ni la kununua. Injili haikuficha kwamba yule rafiki alikereka. Haikumsifu kwa tabasamu, ila imetuambia kwamba aliamka akatoa. Mungu hakungojei mpaka uwe na moyo mkunjufu ndipo akuhesabie tendo jema. Amka hivyo hivyo na usingizi wako, ufungue, umgawie mtoto yule dakika zake ishirini. Tulipoisali Sala ya Bwana asubuhi hii hatukuomba chakula changu, tuliomba chakula chetu. Anayebisha alikuwa amekwisha kutajwa katika sala yako kabla hujaufunga mlango.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe ambaye mlango wako haufungwi usiku wala mchana, uwaangalie watoto wetu wanaosoma kwa mwanga wa simu ya kuazima. Uwape walio nacho mkono mwepesi, na wasio nacho moyo usiovunjika. Uwajalie wenye mamlaka kukumbuka nyumba zilizo mbali na waya. Nasi sote utufundishe kusikia hodi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.