Tuwapime Masikio Kwanza



Mtoto wetu alipochelewa kusema tulijipa moyo kwamba hata babu yake alichelewa. Mwalimu wake ndiye aliyetuhimiza twende kliniki ya usemi na usikivu ya chuo kikuu hapa Houston. Waliotupokea ni wanafunzi wa shahada ya uzamili, wakisimamiwa na mtaalamu. Marekani, tabibu wa usemi hathibitishwi kabla ya kutimiza saa 400 za vitendo: 25 za kutazama na 375 za kuhudumia watu. Kabla ya yote, walimpima masikio. Moja lilikuwa halisikii vizuri.

Je, nyumbani ni watoto wangapi wanaoitwa wazito au wakaidi darasani, kumbe hawasikii? Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya matatizo ya usikivu ya utotoni yanaweza kuzuilika. Sikio linalotoa usaha hutibika likiwahiwa.

Usiku huu tunaomba mchango wa nauli na vipimo, watoto wetu wafike KCMC, Moshi. Mwakani tutawasomea hesabu, risiti kwa risiti.