Nairobi: Majengo ya Kale na Mapya

Nairobi, mji mkuu wa nchi jirani ya Kenya, ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Tangu hapo katikati ya mji huo kumebomolewa na kujengwa upya mara nyingi. Jumba la Mikutano la Kenyatta, lenye ghorofa 28, lilipokamilika mwaka 1973 lilikuwa ishara ya taifa huru lenye kujiamini. Ujenzi wa namna hiyo haupaswi kupingwa, maana mji hauwezi kuishi bila ofisi na maduka.

Lakini kiwanja cha katikati ya mji ni ghali, na nyumba ya ghorofa mbili humpa mwenyewe pato dogo kuliko jumba la ghorofa ishirini. Hapo ndipo kishawishi cha kubomoa kinapozaliwa.

Katika Barabara ya Kenyatta limo jengo liitwalo Kipande House, lililojengwa mwaka 1913. Wakati wa ukoloni, Waafrika waliandikishwa humo na kupewa kipande, cheti ambacho mwanamume alilazimika kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Aliyekutwa bila kipande alikamatwa. Jengo lenye kumbukumbu chungu kiasi hicho lingeweza kubomolewa bila mtu kulililia. Kenya iliamua kulihifadhi, na baadaye likawa tawi la benki. Nazo Nyaraka za Taifa zikawekwa katika jengo lililokuwa la benki. Jengo la kale likipewa kazi mpya hujilipia matunzo yake.

Barabara hiyohiyo ina sanamu za Waafrika watatu, ukumbusho wa askari na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Dar es Salaam nayo ina Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zilipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Wengi wao hawana makaburi yanayojulikana. Majina hayo na sanamu hizo ndivyo vinavyowataja.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Hata hivyo, tangazo halizibi paa linalovuja. Taifa linalomkataza mwenye nyumba kubomoa halina budi kumsaidia kutunza. Vinginevyo mvua itafanya polepole kazi ambayo sheria imemkataza yeye. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya mji imo pia katika kuta zake.