Kishikio cha Mfereji wa Bafu Kikilegea
Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Ruring'u kuhusu utunzaji wa maji nyumbani



Katika nyumba nyingi za hapa kuna mfereji wa bafu ambao wenye nyumba pekee ndio wanaojua namna ya kuufunga. Mgeni huzungusha kishikio, kikazunguka bure, akatoka akidhani amefunga. Maji yanaendelea kutiririka.

Wengi hulipuuza jambo hili, lakini hasara yake hupimika. Kingeni kikombe cha mililita 250 chini ya mfereji unaovuja. Kikijaa kwa saa moja, hizo ni lita 6 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 180, sawa na mitungi 9 ya lita 20. Yote yamepita kwenye mita, nayo NYEWASCO hutoza kilichopita kwenye mita, kiwe kimeogewa au kimemwagika.

Kuna na hatari. Kwa sababu ya baridi ya Nyeri, nyumba nyingi zina shawa ya umeme, ambayo huanza kupasha joto pindi maji yanapopita kwa nguvu ya kutosha. Mfereji usipofunga, umeme nao huendelea kuliwa. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye swichi.

Kwanza, zimeni umeme wa shawa, na ikiwezekana swichi kuu ya nyumba. Pili, fungeni maji. Nyumba yenye tangi juu ya paa, fungeni valvu ya tangi pia. Kufunga kwenye mita pekee hakutoshi. Tatu, zibeni tundu la sakafu kwa kitambaa, skrubu isije ikatumbukia.

Sasa tazameni kishikio. Mara nyingi kina kifuniko kidogo katikati, chekundu au cha buluu. Kiinueni taratibu kwa ncha ya kisu, na chini yake mtaona skrubu. Aina nyingine huwa na skrubu ndogo ubavuni. Ifungueni kwa bisibisi inayoitosha, kisha vueni kishikio na kukisugua ndani kwa mswaki mkuukuu na siki.

Chunguzeni meno yaliyo ndani ya kishikio. Yakiwa mazima, tatizo lilikuwa skrubu tu: kirudisheni na kuikaza hadi kitulie, bila kutumia nguvu kupita kiasi. Yakiwa yamelika, kukaza hakutasaidia. Pelekeni kishikio hicho dukani ili mpate kinacholingana nacho. Kuzungusha mfereji kwa koleo kila siku hula chuma cha ndani, na siku kitakapokatika, kazi ya skrubu moja itakuwa kazi ya kubomoa vigae. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkimaliza, fungueni maji polepole na kujaribu mfereji mara kadhaa. Umeme uwashwe mwisho, mikono ikiwa mikavu.

Yapo mambo ya kumwachia fundi. Chuma cha ndani kikicheza, au maji yakitokea ukutani, aitwe fundi wa mabomba. Mkono ukihisi kusisimka mtu anapogusa mfereji, huo ni umeme. Zimeni swichi kuu, bafu lisitumiwe, na aitwe fundi wa umeme siku hiyo hiyo. Mpangaji naye amwarifu mwenye nyumba kabla ya kufungua chochote.

Mwisho, tangi likiwa limejaa na mifereji yote imefungwa, nendeni mkaitazame mita. Ikiwa bado inazunguka, kuna mahali maji yanapotea. Bafu ndilo pa kuanzia kutafuta, na mara nyingi dawa yake ni bisibisi na dakika chache.