Si Kila Kichefuchefu ni Malaria

Msikilizaji, uchovu, kichefuchefu na kizunguzungu vikianza, wengi hukimbilia duka la dawa wakidhani ni malaria. Kwa mwanamke ambaye siku zake zimepita, hiyo ni hatari: apime malaria, apime na mimba, kabla ya kumeza chochote.

Mimba yaweza kuingia mwenyewe asijue. Yai lililopevuka huishi kama saa 24 tu, lakini mbegu za kiume zaweza kulisubiri hadi siku tano. Mimba ikishatungwa hujishikiza kwenye mji wa mimba baada ya wiki moja hivi, na matone machache ya damu wakati huo huwafanya wengine wadhani ni hedhi.

Linaloniumiza ni hili: ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengeka ndani ya siku 28 za mwanzo, mama mwenyewe mara nyingi hajajua. Ndiyo maana vidonge vya asidi ya foliki vinafaa vianze kabla ya mimba. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza kliniki kabla ya wiki 12, ila kwetu wengi husubiri tumbo lionekane, wakihofia maneno ya watu. Akina baba na mama wakwe, msimcheleweshe mjamzito. Mpelekeni mapema.