Ukame Usitusahaulishe Mafuriko

Bwawa la Kariba, katika mto Zambezi, limekuwa likizalisha umeme tangu 1959. Maji yanayoachiliwa kupitia milango yake 6 yamechimba shimo la takriban mita 80 mbele ya ukuta; likisogelea msingi, bwawa zima litakuwa hatarini. Ndiyo maana Zambia na Zimbabwe ziliamua kulichonga upya shimo hilo na kukarabati milango. Wapo wanaohoji: kwa nini kugharamia kinga dhidi ya mafuriko wakati ukame ndio umetukatia umeme? Hoja hiyo ina uzito, lakini ukame wa leo hauzuii gharika ya kesho. Mafuriko ya 1957 na 1958 yaliukumba ujenzi wenyewe wa bwawa hili. Mlango uliokwama haurekebishwi mto ukiwa umefurika. Tukarabati sasa, maji yakiwa chini.