JOTO LA BAHARI, MVUA YA SHAMBANI NA HAKI YA JIRANI

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Nyalikungu, Maswa





Nimeombwa niseme juu ya mvua. Huenda mtu akajiuliza: Haki na Amani inaingiliaje mambo ya mvua? Mvua ni ya Mungu, na hali ya hewa ina wataalamu wake. Ni kweli. Lakini katika nchi hii yetu ya Usukuma, mvua inapokosekana, au inapozidi hata kuozesha mazao, swali linaloulizwa mara nyingi si "Imetokeaje?" bali "Ni nani?" Swali hilo likiisha kuulizwa, jibu lake hutafutwa kwa mpiga ramli, na safari huishia mlangoni pa bibi kizee anayeishi peke yake. Hapo ndipo haki inapoingia. Kwa hiyo leo tutaanzia mbali sana, katika Bahari ya Pasifiki, kisha tutarudi taratibu hadi mlangoni pale.

1. Mambo yatendekayo baharini

Bahari ya Pasifiki ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Upande wake mmoja ziko Peru na Ekuado, katika Amerika ya Kusini. Upande wa pili ziko Indonesia na Australia. Kwa kawaida, katika ukanda wa ikweta, upepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Upepo huo husukuma maji ya juu, yaliyokwisha kupashwa joto na jua, na kuyarundika upande wa Indonesia, hata usawa wa bahari kule huwa juu kwa karibu nusu mita kuliko upande wa Ekuado. Pwani ya Peru nako, maji ya baridi hupanda kutoka kilindini kushika nafasi ya yale yaliyosukumwa. Maji hayo huja na chakula kingi cha samaki, ndiyo maana kule huvuliwa dagaa wengi mno.

Lakini kila baada ya miaka kati ya miwili na saba, upepo ule hulegea. Maji ya moto hurudi mashariki, yale ya baridi hayapandi tena kama kawaida, na dagaa huadimika. Wavuvi wa Peru waliona kwamba jambo hili huja karibu na Noeli, wakaliita kwa Kihispania El Niño, maana yake Mtoto wa kiume, yaani Mtoto Yesu. Upepo ukizidi nguvu na bahari ile ikapoa kupita kawaida, hali hiyo huitwa La Niña, mtoto wa kike.

Je, joto la bahari ya mbali huwezaje kubadili mvua ya dunia? Chukueni mfano wa chungu jikoni. Mvuke hupanda pale palipo na moto. Ukiyahamisha mafiga, mvuke nao utahama. Maji ya moto ya Pasifiki ni mafiga makubwa ya dunia. Yakikaa magharibi, mawingu hujengeka juu ya Indonesia. Yakihamia mashariki, mawingu huyafuata: Indonesia na Australia hukauka, na majangwa ya pwani ya Peru hupata mafuriko. Tena hewa iliyopanda mahali pamoja haina budi kushuka mahali pengine, na inaposhuka huzuia mvua. Hivyo badiliko la mahali pamoja hupita katika anga lote la tropiki.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwingereza Gilbert Walker alipewa mwaka 1904 kazi ya kuongoza vituo vya hali ya hewa vya India, nchi iliyokuwa imetoka katika njaa kuu ya miaka ya 1899 na 1900. Alikusanya vipimo kutoka pande nyingi za dunia akagundua kwamba kanieneo ya hewa ikipanda upande mmoja wa Pasifiki, hushuka upande wa pili, kama mzani. Mwaka 1969 mtaalamu wa Kinorwe, Jacob Bjerknes, alionyesha kuwa mzani ule wa hewa na joto lile la bahari ni jambo moja. Tazameni jinsi kazi hii ilivyoanza: watu walikuwa wamekufa kwa njaa, na mtu akaulizwa kama ingewezekana kujua mapema.

2. Kutoka Pasifiki hadi kwetu

Sisi hatupakani na Pasifiki. Bahari yetu ni ya Hindi. Mara nyingi El Niño inapokuwa na nguvu, pepo za Bahari ya Hindi nazo hugeuka. Maji ya moto hukusanyika upande wetu wa Afrika, na upande wa Indonesia hupoa. Mvuke mwingi huingia nchi kavu, na mvua za vuli huzidi kipimo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997. Mwanzo wa mwaka ule nchi ilikuwa katika ukame. Mwisho wake mvua zikanyesha mfululizo hata zikaingia mwaka 1998. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita moja. Barabara, reli na madaraja vilikatika. Kipindupindu kilienea, na katika mwaka 1997 nchi yetu ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000. Homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu Kenya, Somalia na Tanzania. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya Mafia, na wavuvi wakapoteza mazalia ya samaki. Miezi ile ile misitu ya Indonesia ilikuwa imeungua kwa ukame. Tangu hapo, neno "elinino" limeingia katika lugha yetu kama jina la kila kitu kikubwa kupita kiasi.

Lakini tusifikiri kwamba kila El Niño huleta gharika, wala kwamba kila gharika huletwa na El Niño. Mwaka 1961 mvua kubwa mno zilinyesha Afrika Mashariki, na hadi mwaka 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita mbili; wakati ule Pasifiki haikuwa na El Niño kubwa. Bahari ya Hindi yaweza kugeuka yenyewe, na wataalamu waliieleza hali hiyo kwa uwazi mwaka 1999. Mwaka 2019 iligeuka tena kwa nguvu: kwetu kulifurika, Australia ikateketea kwa moto, na mwaka 2020 Ziwa likapita hata kimo cha mwaka 1964. Kwa upande mwingine, El Niño ya mwaka 2015 ilikuwa kubwa sana, lakini mvua zetu hazikufikia zile za mwaka 1997, kwa sababu Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu ile.

Mwaka 2023 zote mbili zilikwenda pamoja. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 huko Katesh na vijiji vya jirani. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Na katika msimu huo huo Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza ukame kuwa janga la taifa. El Niño ile ile ilitufurikisha sisi ikawakausha jirani zetu.

La Niña nayo kwa kawaida hutupunguzia mvua. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ilishindikana katika sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia, na ng'ombe wengi walikufa hata kaskazini mwa Tanzania.

El Niño ni ya kale; haikuanzishwa na viwanda. Ila kwa kuchoma makaa, mafuta na misitu, binadamu wameipasha joto dunia, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa hiyo mvua ikija, huja kwa kishindo. Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha mwaka 2015, katika waraka wake Laudato Si', kwamba hali ya hewa ni mali ya wote. Mkulima wa pamba wa Maswa amechangia joto hilo kwa kiasi kidogo mno, lakini hulipa kwa shamba lake.

3. Yaliyoonekana Meatu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, jirani zetu hapa. Alilinganisha vipimo vya mvua na mauaji. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua iliyopita mpaka, iwe ukame au gharika, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa takriban mara mbili ya yale ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wazee, kutoka kaya maskini, na mara nyingi waliowaua walikuwa ndugu zao.

Kuna jambo moja zaidi katika utafiti ule. Miaka ya magonjwa ya mlipuko, ingawa watu huyahusisha magonjwa na uchawi, haikuonyesha ongezeko kama lile. Ilikuwa miaka ya mavuno mabaya. Maana yake ni nzito. Imani ya uchawi ipo miaka yote. Ila ghala likiwa tupu, ndipo panga linapotoka. Tuseme wazi: katika kaya yenye njaa, mzee asiyeweza tena kulima huanza kuhesabiwa kuwa kinywa cha kulishwa, na tuhuma ya uchawi huwapa wenye nguvu sababu ya kumwondoa.

Zamani mtu wa kuulizwa juu ya mvua alikuwa mtemi. Mvua ikikosekana, yeye ndiye aliyewajibika, na wako walioondolewa katika kiti kwa sababu hiyo. Utemi uliondolewa mwaka 1963, lakini swali la "Ni nani?" halikuondoka nao. Sasa anaulizwa aliye mnyonge kuliko wote: mjane mwenye macho mekundu. Na macho yale yamefanywa mekundu na nini? Na moshi wa kinyesi cha ng'ombe na mabua, miaka hamsini jikoni, akiwapikia watoto ambao leo wanamshtaki.

Ndugu zangu, Bwana wetu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Naye alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wema na wabaya. Bibi yule hana mamlaka juu ya upepo wa Pasifiki.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tusikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya vuli na kabla ya masika, na katekista autangaze kigangoni. Utabiri si ramli. Husema lililo na uwezekano mkubwa, na mwaka mwingine huweza kupita pembeni. Lakini mwenye kuzibua mitaro na kuhamisha ghala kutoka bondeni hapati hasara hata mvua ikiwa ya wastani.

Pili, tuweke akiba kama Yusufu alivyoweka Misri katika miaka ya shibe. Wazee wetu walijua michembe na matobolwa, walipanda mtama na uwele pamoja na mahindi. Tusiuze chakula chote, wala tusiitoe ardhi yote kwa pamba. Tuzilinde ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Maswa ikiwa bado mkoa ule, ulionyesha kwamba malisho na miti iliyokuwa imeisha yaweza kurudi, wananchi wenyewe wakiamua.

Tatu, kila jumuiya iwe na orodha ya wazee waishio peke yao. Msimu ukiharibika, wao ndio wawe wa kwanza kutembelewa na kupelekewa chakula. Kikongwe anayetembelewa kila wiki na jumuiya nzima ni vigumu kuuawa kimyakimya.

Nne, Mkristo asitoe mchango wa kumleta mpiga ramli kijijini, hata akitishwa kutengwa. Akisikia tuhuma au vitisho, asingoje mazishi. Atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji na polisi mapema.

Tano, tudai haki yao. Tangu mwaka 2016 Zanzibar imekuwa ikiwalipa pensheni wazee waliofikisha miaka 70, hata wale ambao hawakupata kuajiriwa. Bibi mwenye fedha yake mkononi, hata kidogo, haonekani kuwa mzigo. Jambo hili tuwaulize madiwani na wabunge wetu kwa heshima, na tusichoke kuuliza.

Bahari zitapoa na kupata joto tena. Hilo haliko mikononi mwetu. Ila litakalompata jirani yetu mwaka ule wa mvua mbaya, hilo liko mikononi mwetu, na juu yake tutaulizwa.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Mavuno yalipoharibika mara ya mwisho kijijini kwetu, nani alilaumiwa, na sisi tulisema nini?
2. Ni wazee gani katika eneo letu wanaoishi peke yao? Nani aliwatembelea mwezi huu?
3. Jumuiya yetu itaweka akiba gani ya chakula kabla ya vuli, na nani ataitunza?