Mgeni Katika Chumba cha Matibabu

Hotuba ya Mganga Mkuu wa Wilaya kwa wakazi wa kata, iliyotolewa katika viwanja vya kituo cha afya kabla ya kupokewa kwa wanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo



Kila mwaka, mvua za masika zinapokatika, hospitali na vituo vya afya katika nchi hii hupokea vijana kutoka Ulaya na Marekani. Wengi wao ni wanafunzi wa udaktari wanaokaribia kuhitimu. Vyuo vyao huwapa majuma machache ya kujifunza mahali watakapochagua wenyewe, na wengi huchagua Tanzania. Wengine si wanafunzi wa tiba hata kidogo. Ni vijana waliomaliza sekondari, wanaotaka kujua kama kazi ya udaktari inawafaa kabla ya kuomba nafasi chuoni. Wapo wanaokuja kwa makubaliano kati ya chuo na hospitali, na wapo wanaoletwa na kampuni za kupanga safari, ambazo huwatoza ada. Si lazima ada hiyo ifike katika kituo wanachokwenda.

Mgonjwa aliyeketi kwenye benchi haoni tofauti hizo. Anachokiona ni koti jeupe, na shingoni kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Basi humwita kila mmoja wao daktari, humpa heshima ya daktari, na humkabidhi mwili wake au wa mwanawe kama anavyomkabidhi daktari.

Katika zahanati moja, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa, ilitokea siku ya namna hiyo. Mvulana wa darasa la saba alijikata mguu kwa jembe. Jeraha lilikuwa refu na la kina, juu ya unyayo, na lilikuwa limeingia udongo wa shambani. Baba yake alimpakia kwenye baiskeli akamfikisha zahanati saa tano asubuhi. Tabibu hakuwapo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwa pikipiki, na sanduku la baridi la chanjo limefungwa nyuma, kwenda kuchanja watoto wa kitongoji cha mbali. Muuguzi alikuwapo, lakini alikuwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua ambaye hakuweza kumwacha. Aliyebaki ukumbini alikuwa kijana mgeni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyekuwa na siku ya tisa tangu afike.

Kijana huyo alikuwa amejifunza kushona jeraha chuoni kwao, kwenye ngozi ya bandia. Hakuwa amewahi kumshona binadamu. Aliona damu, akaona baba anamwangalia, akaona hakuna mwingine. Akaosha jeraha kwa maji kidogo, akachoma dawa ya ganzi, akashona. Nyuzi zilikaa sawasawa, na baba akashukuru kwa mikono miwili.

Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya kifundo, na mtoto alikuwa na homa. Katika hospitali ya wilaya nyuzi zilikatwa, jeraha likafunguliwa, na ndani mlikuwa na usaha, udongo na kipande cha mpira wa kandambili. Jeraha chafu la namna hiyo huoshwa kwa maji mengi safi, nyama iliyokufa huondolewa, na mara nyingi huachwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kufungwa. Mgonjwa pia hupewa kinga ya pepopunda, na huyu hakuwa amepewa. Mganga yeyote aliyefanya kazi katika nchi ya wakulima anayajua hayo. Kijana yule alijua namna ya kushona. Alichokuwa hajajifunza ni wakati ambao haifai kushona.

Mtoto alipona. Lakini alifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi akiwa amenyoosha mguu juu ya kiti cha pili, na baba yake alitumia siku za palizi akiwa hospitalini. Alipoulizwa kwa nini hakutaka kujua ni nani anayemhudumia mwanawe, alijibu, "Ningemuulizaje daktari, tena mgeni? Ameacha kwao, amekuja kunisaidia, nami nimhoji?"

Jibu hilo ndilo sababu ya mkutano huu wa leo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hakuna anayekusudia kuifuta desturi hiyo katika kata hii. Wala kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alilia alipopata habari, akaandikia chuo chake mwenyewe akieleza alichokifanya. Kosa lilianza kabla yake, kwa wale waliompa koti na kumwacha bila msimamizi, na likakamilishwa na adabu ya mzazi ambaye hakujua kwamba kuuliza si utovu wa adabu.

Hebu safari hiyo igeuzwe. Daktari wa Kitanzania aliyehitimu, mwenye miaka kumi kazini, akishuka London hawezi kumtibu mtu hata mmoja mpaka asajiliwe na baraza la madaktari la huko, na kwa wengi usajili huo huja baada ya mitihani. Mwanafunzi wa Kitanzania akipata nafasi ya kujifunza katika hospitali ya Uingereza atakuwa chini ya jicho la msimamizi, na mara nyingi kazi yake itakuwa kutazama. Hakuna anayeyaita hayo ukosefu wa ukarimu. Waingereza wanawalinda wagonjwa wao. Mgonjwa wa kata hii hana thamani pungufu.

Sheria ya Tanzania inasema vivyo hivyo. Daktari wa kigeni anayetaka kutibu hapa, hata kwa majuma machache na bila malipo, anapaswa kusajiliwa kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Muuguzi na mkunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuhusu uhamiaji, mtu anayejitolea anahitaji kibali kinachohusika na kazi hiyo. Viza ya utalii ni ya kutembelea mbuga na fukwe. Anayetaka kukusanya takwimu kwa ajili ya utafiti anahitaji vibali vyake vingine, na hapaswi kuanza kwa daftari na tabasamu.

Mwanafunzi, kwa kuwa bado hajawa daktari, hana usajili wa kutibu. Hilo halimfungii mlango. Wanafunzi wa Muhimbili, Bugando na KCMC nao hujifunza kwa kuwagusa wagonjwa, na bila wagonjwa waliokubali kuguswa na wanafunzi nchi hii isingekuwa na daktari hata mmoja. Sharti ni lile lile kwa mweusi na kwa mweupe: mwanafunzi ajitambulishe kuwa ni mwanafunzi, msimamizi wake awepo, na mgonjwa akubali.

Ni haki pia kueleza wageni wanapofaa, maana wanafaa sana. Mwaka 1935 daktari kijana wa Kiingereza, Leader Stirling, alifika kusini mwa Tanganyika kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Alikaa. Alijifunza Kiswahili, akafundisha wauguzi, akachukua uraia wa nchi hii, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Madaktari kutoka China wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu mwaka 1968, kikosi kimoja kikimpokea kingine. Hao ni watu waliohitimu, na kazi yao hupimwa kwa miaka.

Mgeni wa majuma sita hawezi kuwa Stirling, wala haombwi kuwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kinachotakiwa ni kumchagulia jembe analoweza kulishika.

Katika jambo hili kuna somo lililopatikana hapa hapa nchini. Mtoto mchanga asiyepumua anatakiwa asaidiwe ndani ya dakika ya kwanza: akaushwe, asuguliwe mgongo, na ikibidi asukumiwe hewa kwa mfuko na barakoa ndogo. Wakunga katika hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa kazi hiyo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Lakini katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona jambo jingine. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafaulu mbele ya mwanasesere wa mazoezi. Wodini, mbele ya mtoto wa kweli, kazi ilibaki kama ilivyokuwa. Mabadiliko yalikuja baada ya kuanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, wakunga wakifanya wenyewe na kukumbushana.

Anayeijua habari hiyo hatamwomba mgeni aendeshe semina ya siku moja na kupiga picha ya pamoja. Atamwomba muuguzi mgeni akae na wakunga wa zamu, afanye nao zoezi lile kila asubuhi kwa dakika chache, na atakapoondoka mwanasesere abaki, na ratiba ibaki mikononi mwa mkunga wa hapa. Mwanafunzi wa udaktari naye apewe kupima uzito wa watoto kliniki, kuandika rejista, kuhudhuria raundi, kumsikiliza tabibu akimtofautisha mtoto mwenye malaria na mwenye homa ya mapafu. Huyo tabibu ameona malaria nyingi kuliko maprofesa wengi wa kijana yule. Akirudi kwao na elimu hiyo, atakuwa amepewa kitu cha thamani, na ni vema ajue kwamba yeye ndiye aliyepewa.

Kuhusu zawadi, maneno machache. Dawa zinazoletwa mkobani zinakaguliwa na kukabidhiwa mfamasia. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuelekeza kwamba dawa za msaada, zinapofika, ziwe zimebakiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na maandishi yake yasomeke kwa watakaozitumia. Mashine za umeme zilizotengenezwa kwa volti 120 za Marekani hazitachomekwa katika ukuta wa volti 230 bila kifaa cha kubadilisha umeme. Chumba cha nyuma cha stoo kina ushahidi wa kutosha.

Picha za wagonjwa ni jambo zito zaidi. Mama anayejifungua, mtoto mwenye utapiamlo, mzee aliyevuliwa shati: hao si mandhari ya safari. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na katika vituo vya Halmashauri hakuna mgeni atakayepiga picha ya mgonjwa kwa simu yake.

Wageni watakaofika mwezi ujao ni wanne, wote wanafunzi, na kila mmoja atavaa kitambulisho cha Kiswahili chenye neno MWANAFUNZI kwa herufi kubwa na jina la msimamizi wake chini yake. Orodha yao itabandikwa katika ubao wa matangazo wa kituo na katika ofisi ya mtendaji. Msimamizi akiwa hayupo, mwanafunzi hatashika sindano, hatashona, hatazalisha, hata kama ukumbi umejaa na jamaa wa mgonjwa wanamsihi. Siku hiyo mganga mfawidhi atapigiwa simu, au gari la wagonjwa litaitwa. Ni kweli kwamba kusubiri kunaumiza, na ni kweli kwamba watumishi ni wachache. Halmashauri haitaficha upungufu huo nyuma ya koti la mwanafunzi.

Mgonjwa, au mzazi wake, anaweza kuuliza kwa sauti ya kawaida: "Wewe ni daktari au mwanafunzi? Msimamizi wako yuko wapi?" Mwanafunzi aliyelelewa vema atafurahi kuulizwa. Mgonjwa anaweza pia kusema hapana. Malalamiko yapelekwe kwa mganga mfawidhi au kwa kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe waliotoka miongoni mwa wananchi wenyewe, na yasiyotatuliwa hapo yafike ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

Baada ya hotuba, mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto aliuliza kama mgonjwa atakayemkataa mwanafunzi atarudishwa mwisho wa foleni. Mganga Mkuu alimjibu kwamba nafasi yake haitahama: atakaa pale pale alipokuwa, na atakayefuata kumwona atakuwa tabibu au muuguzi wa zamu. Mama akaomba jibu hilo liandikwe na libandikwe ubaoni pamoja na orodha ya wageni. Mganga mfawidhi alilibandika jioni ile ile.